Biblia Sitini na Kinyakyusa Chetu: Siku Tisa Karonga na Livingstonia

Wiki ya tatu sasa tangu turudi Tukuyu kutoka safari ya kanisa nchini Malawi. Daftari langu limelowa maji upande mmoja na maandishi ya siku mbili yamefutika, kwa hiyo mahali pengine nimeegemea picha za kwenye simu na kumbukumbu za wenzangu. Bei ninazotaja ni zile tulizolipa sisi, Agosti 2024.

Jumanne, 13 Agosti: Tukuyu hadi Karonga

Tulikuwa saba: mchungaji wetu, mzee wa kanisa mmoja, vijana wawili wa kwaya na akina mama watatu. Mzigo ulikuwa boksi tatu za Biblia za Kiswahili, jumla 60, cherehani moja ya mkono, magunia mawili ya nguo na gitaa. Tulichangishana kwa miezi minne. Wapo waliotoa shilingi 2,000 na wapo waliotoa mkungu wa ndizi tukauza. Naandika hili kwa sababu zile Biblia hazikununuliwa na tajiri yeyote. Zilinunuliwa na watu ninaowafahamu kwa majina.

Coaster iliondoka stendi saa 12 na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mashamba ya chai. Nauli hadi Kasumulu, mpakani, ilikuwa 5,000 kwa mtu, na mizigo yote 10,000 baada ya kupatana. Kila ukishuka kuelekea bonde la Kyela unavua nguo moja. Sweta kwanza, kisha kitenge cha pili, mpaka ukifika kwenye kokoa na minazi umebaki na gauni na jasho.

Mpakani tulikwama. Kijana wetu mmoja alikuwa ameacha kadi ya chanjo ya homa ya manjano juu ya meza nyumbani, na kosa lilikuwa letu, maana mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukagua karatasi za kila mtu na kwake niliuliza tu kwa mdomo. Mama yake aliikabidhi kwa dereva wa Noah. Ilifika baada ya saa tano. Muda wote huo mama lishe mmoja alituachia benchi lake lenye kivuli, akakataa tusimame hata wateja wake walipojaa. Tulikula kwake wali na mbasa, samaki wa ziwani, 4,000 sahani. Tulipoondoka alimpa kijana wetu chupa ya maji na kumwambia, "Mwanangu, usijilaumu, hata Petro alisahau mengi." Kijana alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Hapo ndipo alipocheka.

Kwa watakaopita njia hii: Mtanzania haombi viza kwenda Malawi, pasi inatosha, ila shika kadi ya manjano mkononi, siyo ndani ya begi. Kama ni safari ya kanisa, beba barua ya utambulisho yenye mhuri na orodha ya vitu mlivyobeba. Barua yetu ndiyo iliyopitisha cherehani bila maswali mengi. Hela badilisha kidogo tu pale mpakani, uzihesabu mwenyewe mara mbili kabla hujatoa zako. Na rudisha saa yako nyuma saa moja ukishavuka daraja.

Daraja la Songwe ni fupi. Unavuka kwa miguu huku watu wa baiskeli wakipita na magunia, na mto chini yako una rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili tulipanda teksi mbili za kuchangia, na giza liliingia kabla hatujafika kwa wenyeji wetu, ushirika wa Wamoravian wenzetu kaskazini ya mji wa Karonga. Walikuwa wametusubiri tangu mchana. Nsima, yaani ugali wa kwao, ilishapoa, wakaipika upya.

Jumatano, 14 Agosti: boksi tatu

Asubuhi tulikaa chini ya mwembe na wazee wa kanisa. Mchungaji wetu akasema maneno mazuri, tukafungua boksi. Mchungaji mwenyeji alichukua Biblia moja, akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua katikati, akaifunga taratibu. Anajua Kiswahili vizuri, kama wafanyabiashara wengi wa Karonga. Akauliza kwa upole, "Hizi tuwape nani?"

Hatukuwa na jibu. Shuleni watoto wao wanasoma Kichewa na Kiingereza. Kanisani wanatumia Kitumbuka na Kingonde. Kiswahili ni cha sokoni, cha kupatana bei ya mchele na vitenge, na wengi wanakisikia bila kukisoma. Miezi minne ya kuchangishana, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga simu kuuliza wanasoma lugha gani.

Mzee mmoja aliyekaa pembeni, fimbo kati ya magoti, akauliza kwa lugha yake, nami nikaelewa kila neno kabla halijatafsiriwa: hamkuja na vitabu vya nyimbo vya Kinyakyusa?

Hatukuwa navyo.

Nieleze kidogo kwa msomaji asiye wa kwetu. Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, na Wangonde wa Karonga, ni watu waliogawanywa na mto na mipaka ya wakoloni. Lugha ni moja, matamshi ndiyo yanapinda kidogo. Mimi Kinyakyusa nimezaliwa nacho. Lakini kanisani tangu nikiwa Sunday school nimeomba, nimeimba na kushuhudia kwa Kiswahili, na Kinyakyusa nimekiacha jikoni na shambani kwa mama. Haikunipitia kichwani kwamba naweza kukibeba safarini kama mzigo wenye faida.

Alhamisi, 15 Agosti: tofali

Ratiba yetu ilisema semina ya wanawake saa tatu. Saa tatu wanawake hawakuwepo. Tukaenda kuwatafuta, tukawakuta nyuma ya kanisa wakisomba maji ya kufyatulia tofali. Wanajenga jengo jipya, na Agosti ndio mwezi wa tofali kabla mvua hazijarudi. Wenyewe hawakutuambia kwa sababu wageni hawaambiwi kazi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu jembe tuliliomba wenyewe. Nilipewa ndoo ya plastiki ya buluu, mpini wake umefungwa kwa waya, nikapanga foleni kwenye pampu, ambayo wao wanaiita mjigo. Mkono wa pampu ni mrefu, unauning'inia kwa uzito wa mwili mzima, unalia kama mlango wenye kutu, kisha baada ya mara sita au saba maji yanakuja kwa mkupuo. Safari moja ni kama hatua 200. Nilienda kumi na nne. Dada aliyekuwa mbele yangu, mtoto mgongoni, alikuwa haloweshi hata bega. Mimi nililowa mpaka kiunoni, na hapo ndipo daftari lilipoharibika.

Kwenye ile foleni ndipo nilipoanza kuongea. Nilisema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, kama ninavyosema kwa mama, na dada yule akageuka na ndoo kichwani, akaniuliza nimetoka kwa nani. Tukahesabu koo. Bibi yake aliolewa kutoka upande wa Kyela. Hadi saa saba mchana nilikuwa najua nani ana mtoto anayeumwa, nani mume wake yuko Afrika Kusini miaka minne bila kutuma kitu, na nani anadaiwa mahindi.

Mahindi ndiyo yalikuwa habari ya kila nyumba. Machi mwaka huo Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya janga katika wilaya 23 kati ya 28 za Malawi kwa ajili ya ukame, na bei ya debe ilikuwa imepanda mahali pote. Karonga wana mchele, na aina wanayojivunia inaitwa Kilombero, jina la kwetu kabisa. Lakini mchele ni wa kuuza upate ada. Kila jioni tulikuta nsima ya kujaa, usipa wa kukaanga ambao ni dagaa wa ziwani, na mboga. Alhamisi usiku nilienda kusaidia vyombo, nikakuta watoto wa nyumba ile wanakula uji. Sikulala vizuri. Kesho yake sisi saba tukatoa hela ya mahindi, mchungaji mwenyeji akaipokea bila kuona aibu na bila kututia aibu.

Ijumaa, 16 Agosti: mjini Karonga

Tulipanda kabaza, baiskeli za abiria, hadi barabarani, kisha minibus hadi mjini. Kipo kituo cha makumbusho ambacho usikipite. Wengi wanakwenda kuona nakala ya mifupa ya Malawisaurus, mjusi mkubwa wa kale aliyechimbuliwa wilaya hiyo. Vijana wetu walipiga picha zote hapo. Mimi nilikwama sehemu ya biashara ya utumwa.

Nilikuwa sijawahi kusikia jina la Mlozi. Alikuwa mfanyabiashara Mswahili aliyejenga ngome karibu na Karonga, akinunua pembe za ndovu na watu. Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, wengi wakakimbilia kwenye matete ya ziwa dogo la Kambwe, na wengi wakafia humo. Vita na Waingereza wa kampuni ya biashara ya ziwani vilifuata, na mwisho Mlozi akakamatwa na kunyongwa Desemba 1895.

Tukiwa nje tunakunywa soda, mzee wa fimbo, ambaye alikuja nasi, akaniambia jambo ambalo nililiandika palepale: bibi yake hakupenda Kiswahili kisemwe ndani ya nyumba yake. Alisema ni lugha iliyokuja na kamba. Mzee hakusema kwa chuki. Yeye mwenyewe anakijua, alifanya kazi Mbeya ujanani. Alitaka tu nijue.

Nilikuwa na karatasi sita za ushuhuda mkobani, kwa Kiswahili, nimezipanga kusoma Jumapili.

Jambo la kujua: ziwa sisi tunaliita Nyasa, wao wanasema Ziwa Malawi, na mpaka wa majini ni suala la serikali mbili. Ukiwa mgeni, liite kama mwenyeji anavyoliita.

Jumamosi ilikuwa mazoezi ya kwaya na kufua.

Jumapili, 18 Agosti: ibada

Tulifika kanisani saa nzima mapema kwa sababu nusu yetu tulikuwa bado hatujarudisha saa za simu. Ibada ilichukua zaidi ya saa tatu. Kulikuwa na maombi kwa ajili ya familia ya Makamu wa Rais, Saulos Chilima, na wengine waliokufa naye kwenye ajali ya ndege 10 Juni. Miezi miwili ilikuwa imepita, na sauti za watu bado zilishuka jina lake lilipotajwa.

Nilipoitwa, mkalimani, mwalimu wa sekondari, alisimama pembeni yangu tayari. Nikazitazama zile karatasi sita. Nikaziweka juu ya meza, nikamwomba mwalimu akae. Nikaanza, "Ndaga fijo."

Vigelegele vilikuja kwanza kutoka kwa akina mama wa pampu.

Halafu ikawa ngumu, na hili ndilo ninalotaka kulieleza vizuri. Kwa Kiswahili ushuhuda wangu unakwenda wenyewe. Namshukuru Mungu kwa neema na rehema, amenitoa mbali, amenivusha bonde la uvuli wa mauti. Nimeyasema hayo miaka mitano, tangu mume wangu afariki 2019, na watu huitika amina. Kwa Kinyakyusa yale maneno sikuwa nayo. Nilikuwa na maneno ya nyumbani tu. Kwa hiyo ikabidi niseme kilichotokea. Kwamba baada ya mazishi sikuenda shambani wiki saba. Kwamba magugu yalifunika maharage. Kwamba asubuhi moja nilisikia majembe, nikachungulia dirishani, nikaona akina mama kumi na mmoja wa ushirika wetu wanapalilia, hawajabisha hodi, hawajaniambia. Kwamba mmoja wao nilikuwa sijasalimiana naye mwaka mzima kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, na yeye ndiye alikuwa anapalilia mstari wa mwisho, ule wa mpakani.

Sijawahi kulisema hilo kanisani kwetu. Yule mama alikuwa mmoja wa sisi saba. Alikuwa amekaa benchi la pili, akafunika uso kwa kitenge.

Nilisema kama dakika kumi. Nilimtaja Kyala, yaani Mungu, mara mbili au tatu, siyo zaidi. Baada ya ibada mama mmoja mjane alinishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya kanisa, na hatukuombea kitu chochote kwa muda mrefu. Alikaa tu na mimi juu ya rundo la tofali tulizosomba maji yake.

Jumatatu, 19 Agosti: kupanda Gorode

Walituaga na jogoo na kilo kama tano za mchele. Mchungaji wetu alitaka kukataa kwa sababu ya njaa ile, akafungua mdomo, na mzee wa fimbo akamtazama. Tukapokea. Jogoo alisafiri na sisi siku tatu.

Watano tuliendelea kusini. Wawili walirudi na magunia matupu. Karonga hadi Chitimba ni kama kilomita 100 kando ya ziwa, barabara ya lami. Kutoka hapo unapanda Livingstonia kwa Gorode, njia ya mawe yenye kona 20 kali, kilomita kama 15. Tulipanda matola, yaani pikapu ya mizigo inayobeba na watu, juu ya magunia ya saruji. Kwenye kona nyingine dereva anarudi nyuma mara mbili ili gari lipinde, na nyuma yako ni hewa na ziwa. Ukiwa na mguu mzuri shuka utembee zile za juu. Mama mwenzangu alitembea kona nane, akafika kabla yetu.

Wamisionari wa Kiskoti walianza kazi Cape Maclear 1875, malaria ikawaua. Wakahamia Bandawe 1881, ikawaua tena. 1894 Robert Laws akachagua mlima huu, Khondowe, karibu mita 900 juu ya maji. Nyumba yake ya mawe bado ipo, unaweza kulala humo. Kanisani kuna dirisha la vioo vya rangi, Livingstone na watu wake wawili, ziwa nyuma yao. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyopanga. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, pamoja na wenzao, walibeba maiti yake kutoka Chitambo alikofia hadi Bagamoyo. Tulipokuwa wadogo tulifundishwa jina la aliyebebwa.

Jumanne, 20 Agosti: Manchewe

Maporomoko ya Manchewe yako mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka misheni. Kijana mwenyeji alituongoza kwa kwacha 3,000, na zinastahili, njia inateleza. Nyuma ya maji kuna mapango. Alitueleza kwamba wazee wao walijificha humo wawindaji wa watumwa walipopita. Niliingia kwa kuinama. Ndani ni baridi, unyevu unashika nywele, na sauti ya maji inafunika kila kitu, hata kilio cha mtoto kisingesikika nje. Niligusa ukuta. Nikarudi kwenye mwanga, kijana akaniuliza kwa Kiswahili cha kujifunza kama nimechoka. Nikamjibu "yewo chomene", asante sana kwa Kitumbuka, maneno mawili kati ya manne niliyokuwa nayo.

Jumatano, 21 Agosti: kurudi

Minibus ilipasuka tairi kaskazini ya Chitimba, haina ya akiba. Saa nne njiani. Muuza usipa mmoja alitandika mkeka wake kwa ajili yetu, akamwaga na maji kwenye kifuniko kwa ajili ya jogoo. Hakutaka hela, akataka tumwimbie. Tukamwimbia. Mpakani tulifika kabla tu ya giza, na nyumbani saa sita usiku.

Zile Biblia: 22 walizichukua wafanyabiashara na vijana wanaojifunza Kiswahili. Zilizobaki 38 tuliziacha kwa mchungaji mwenyeji, ambaye alisema atawapa madereva wa malori wanaolala barabarani wakisubiri mpaka. Hilo sisi tusingelijua.

Wiki iliyopita nimezunguka kutafuta vitabu vya nyimbo vya Kinyakyusa. Nimepata tisa, sita vipya na vitatu vya watu waliofariki, familia zimevitoa. Jana nilimweleza mama. Aliingia chumbani, akatoka na cha kwake, kimefungwa kwa kitambaa cha kanga, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Nikamwambia hapana, hicho ni chako. Akasema zote anazijua kwa kichwa. Akakifungua mara moja tu, akalaza ukurasa mmoja kwa kidole, ule wimbo wa mazishi ya baba, kisha akanikabidhi na kuniuliza basi la Kasumulu siku hizi linaondoka saa ngapi.